Kifua Kwanza, Mgongo Baadaye: Mwongozo wa Kutambua Kasoro za Ukuta wa Kifua katika Fiziotherapia

Kijana wa miaka 14 aliletwa kwangu na mama yake kwa ajili ya mgongo. "Anajikunja kama mzee," mama akasema, "kila siku namwambia anyooke, hanyooki." Nikampa mazoezi ya mgongo, nikamfundisha kurudisha mabega nyuma, wakaenda zao. Wiki ya sita nilitaka kumbandika plasta mgongoni, nikamwomba avue shati. Akasita. Akamtazama mama yake, kisha akavua huku kiganja kimoja kimebaki katikati ya kifua. Alipokishusha niliona bonde ambalo ngumi ya mtoto mchanga ingeingia. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba akilala chali kwenye beseni la kuogea, maji hutuama pale.

Kwa wiki zote hizo nilikuwa nikimnyoosha mtu aliyejikunja kwa makusudi, ili shati lining'inie mbali na kifua na bonde lisionekane. Tangu siku ile sigusi mgongo wa mtu kabla sijakiona kifua chake. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata, kwa mpangilio huu huu.

Hatua ya 1: Mwandae mtu kabla ya kumvua

Mwenye kifua cha namna hii amekificha kwa miaka. Haendi kuogelea na wenzake, na anavaa fulana mbili hata kwenye joto. Mweleze unachotaka kutazama na kwa nini, umwombe ruhusa, na umpe nafasi ya kukataa. Mtoto awe na mzazi wake chumbani. Kwa msichana aliyekwisha vunja ungo, awepo mwanamke mwingine, na abaki na sidiria. Sehemu ya katikati na mbavu za chini utaziona vya kutosha bila kumvua zaidi.

Chunga ulimi pia. Neno "kilema" likitoka mdomoni mwako mbele ya mtoto, atalibeba hadi ukubwani. Mimi husema "umbo la kifua chako" na naona linatosha.

Hatua ya 2: Tazama, tena kwa taa ya pembeni

Mwanga unaotoka juu ya kichwa huficha mabonde. Mweke karibu na dirisha, au shika tochi ubavuni pake ili mwanga upite juu ya ngozi kama jua la jioni linavyopita juu ya ardhi. Kila kishimo na kila kilima kitatoa kivuli.

Mwache asimame anavyosimama siku zote. Usimwambie anyooke, kwa maana mkao wake ni sehemu ya jibu. Mtazame mbele, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na nyuma. Kisha akae kwenye kiti, wewe usimame nyuma yake na utazame kutoka juu kuteremka kifuani: pembe hii huonyesha upande mmoja ulivyozidi mwingine kuliko pembe nyingine yoyote. Mwisho alale chali, nawe uchutame usawa wa kitanda upande wa miguuni.

Ukiwa hapo tafuta mambo haya. Je, mfupa wa kidari, ule unaoshuka katikati ya kifua, umeingia ndani au umechomoza? Umeanzia wapi, juu karibu na mitulinga au chini karibu na chembe cha moyo? Chuchu zimelingana kimo na umbali kutoka katikati? Mbavu za chini zimefunuka kwenda nje kama ukingo wa bakuli? Mabega yameanguka mbele, na tumbo limetangulia? Mkao huo wa mabega mbele na tumbo nje ndio unaowafanya wengi, mimi nikiwemo, wakimbilie mgongo.

Hatua ya 3: Pitisha mikono

Pasha viganja joto kwanza. Anza kwenye kile kibonde cha chini ya koo, kati ya mitulinga miwili, shuka polepole kwa vidole viwili. Sentimita chache chini utakuta tuta dogo la kukingama: hapo ndipo ubavu wa 2 unaposhika, na kutoka hapo unaweza kuhesabu mbavu zote. Endelea hadi ncha ya kidari, kisha fuata gegedu, yaani mifupa laini inayounganisha mbavu na kidari, za kila upande.

Unatafuta mambo matatu. Kwanza maumivu: umbo la kuzaliwa nalo kwa kawaida haliumi likiguswa. Pili uvimbe: kilichochomoza ni mfupa na gegedu tupu, au kuna kitu laini au kigumu kinachokua juu yake? Tatu ulaini wa kifua. Kama kidari kimechomoza kwa kijana, weka kiganja juu yake na usukume taratibu huku mkono mwingine umeshika mgongo. Kikibonyea na kurudi, kifua bado kinaumbika, na habari hiyo daktari ataitaka. Kikibaki kigumu kama ubao, iandike hiyo pia. Jaribio hili usilifanye kwa mzee wala kwa mtu mwenye mifupa dhaifu.

Hatua ya 4: Mwache apumue

Mwangalie akipumua kawaida, kisha kwa kina, kisha akikohoa. Kifua kizuri hupanda na kupanuka pande zote mbili kwa pamoja. Ukiona sehemu inazama wakati nyingine zinapanda, huenda hapo hapana mbavu, au mbavu hazijashikamana.

Kwa mtoto mchanga tulia hapa, kwa sababu kosa lake ni kubwa. Kishimo cha kuzaliwa nacho huwepo hata mtoto akiwa amelala usingizi mtulivu. Kifua kinachobonyea ndani kila anapovuta hewa, huku anapumua haraka, anaguna au puani kunapanuka, ni mtoto anayehangaika kupata pumzi. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kuanzia 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, kuanzia 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na kuanzia 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5 ni kupumua kwa haraka. Huyo si mgonjwa wa mazoezi. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Hatua ya 5: Pima na uandike

Macho husahau. Mgonjwa akirudi baada ya miezi sita hutakumbuka bonde lilikuwa na kina gani, na mama yake atasema limeongezeka hata kama halijaongezeka.

Kupima kina huhitaji rula mbili tu. Mgonjwa alale chali, atoe pumzi kwa utulivu. Laza rula ya kwanza kukingama juu ya bonde, iguse pande zote mbili, kisha simamisha ya pili kutoka pale penye kina zaidi hadi iiguse ile ya kwanza. Soma kwa milimita. Andika kwamba alikuwa ametoa pumzi, maana akiwa amevuta namba hubadilika na kipimo cha leo hakitalingana na cha mwezi ujao.

Upanuzi wa kifua upime kwa futi kamba mahali pawili: usawa wa ubavu wa 4, na usawa wa ncha ya kidari. Avute hadi mwisho, atoe hadi mwisho, mara tatu, uchukue tofauti iliyo kubwa. Kijana mwenye afya mara nyingi hufikia sentimita 5 au zaidi. Mtu mzima anayeshindwa kufikia sentimita 2.5, na anaamka asubuhi mgongo umekakamaa, mfikirie ugonjwa wa baridi yabisi ya uti wa mgongo kabla ya kitu kingine.

Picha zinasaidia kuliko maelezo marefu, lakini kwa ruhusa ya maandishi, bila uso, na zikae kwenye faili lake, si kwenye simu yako.

Hatua ya 6: Lipe umbo jina lake

Kifua kilichobonyea ndicho utakachokiona mara nyingi kuliko vyote. Makadirio yaliyozoeleka ni mtoto 1 katika kila 300 hadi 400 wanaozaliwa, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Gegedu zinazounganisha mbavu na kidari zimekua vibaya na kukivuta kidari ndani, hasa nusu yake ya chini. Wengine wana kikombe chembamba chenye kina, wengine sahani pana, na wengine bonde limeelemea upande mmoja, mara nyingi kulia, na kidari chenyewe kimejigeuza. Wengi huonekana tangu utotoni, lakini ule mwaka ambao mtoto anarefuka ghafla ndio bonde linapozama. Moyo husukumwa kushoto, na chumba chake cha chini cha kulia hubanwa na mfupa ulio mbele yake.

Kwa msichana huweza kupita bila kutambuliwa kwa miaka. Analetwa kwa sababu titi moja ni dogo kuliko jingine, kumbe matiti ni sawa ila yamekaa kwenye ardhi yenye mteremko. Ukisikia lalamiko hilo, gusa mbavu zilizo chini yake.

Kifua kilichochomoza, ambacho watu hukiita kifua cha njiwa, huchelewa kujitokeza. Mara nyingi ni wakati wa kubalehe, na mzazi huapa kwamba mwaka jana hakikuwepo. Kwa wengi kinachochomoza ni sehemu ya kati na ya chini ya kidari. Hawa, kifua kikiwa bado laini, husaidiwa sana na mkanda maalumu wa kubana unaovaliwa saa nyingi kwa siku kwa miezi mingi. Ndiyo maana kuchelewa kutambua kunawagharimu: gegedu zikishakomaa, mkanda haufanyi kazi ile ile.

Lakini yupo ndugu yake wa nadra anayewahadaa wengi. Kilichochomoza ni sehemu ya juu kabisa, pale lilipo lile tuta la ubavu wa 2, na chini yake kidari huzama kidogo kisha kuinuka tena. Ukimtazama ubavuni unaona mchoro wa herufi S. Hapa vipande vya kidari viliungana mapema mno, kwa hiyo mfupa ni mfupi na mgumu, na mkanda hausaidii. Mtu akiandikiwa mkanda kwa sababu tu "kimechomoza", atateseka bure.

Umbo la nne halihusu kidari bali msuli. Mwambie mgonjwa aweke viganja kiunoni na abane kwa nguvu. Tazama ule mkunjo wa mbele wa kwapa. Upande mmoja ukiwa mtupu, umekutana na hali inayoitwa kwa jina la Alfred Poland, aliyeieleza mwaka 1841: sehemu ya msuli mkubwa wa kifua haipo tangu kuzaliwa, mara nyingi upande wa kulia. Chuchu huweza kuwa ndogo au kupanda juu, na nywele za kwapa kuwa chache. Sasa shuka hadi kwenye vidole vya mkono wa upande huo huo. Vikiwa vifupi au vimeungana, huna shaka tena. Pengine baadhi ya mbavu pia hazipo, na ndiyo maana hatua ya pumzi hairukwi.

Yaliyobaki hupatikana baadaye maishani au huashiria ugonjwa mwingine. Kifua cha pipa, ambacho upana wa mbele hadi nyuma umekaribia kulingana na wa kulia hadi kushoto, humtokea mtu ambaye mapafu yake yamejaa hewa isiyotoka. Mtazame anavyofinya midomo akitoa pumzi. Mfereji unaokingama kwenye mbavu za chini za mtoto hukuelekeza kwenye pumu ya muda mrefu au matege (ugonjwa wa kulainika mifupa ya mtoto). Vinundu vilivyojipanga pale mbavu zinapokutana na gegedu, kama shanga za tasbihi, ni matege hadi ithibitishwe vinginevyo. Na kifua chembamba sana cha mtoto mchanga, chenye mbavu fupi na umbo la kengele, hakikai kwetu hata siku moja.

Hatua ya 7: Mwinamishe, kisha tazama mikono

Kifua na uti wa mgongo hupinda pamoja mara nyingi. Mgonjwa aunganishe viganja, ainame mbele polepole magoti yamenyooka, wewe ukimtazama kwa nyuma. Nundu ya mbavu upande mmoja ni dalili ya uti uliopinda na kujizungusha. Kama una kipimo cha mzunguko, kile kinacholazwa mgongoni kusoma nundu imeinama kiasi gani, nyuzi 7 zinatosha kumpeleka apigwe picha, na kwa mtoto anayerefuka wapo wanaoanzia 5.

Kisha, kwa kila mwenye kidari kilichobonyea au kuchomoza, fanya mambo matatu ambayo hayazidi dakika mbili. Akunje kidole gumba ndani ya kiganja na kukifumbata. Je, ukucha wote unatokeza upande wa pili? Ashike kifundo cha mkono kwa mkono mwingine. Je, gumba linafunika ukucha wa kidole kidogo? Apanue mikono, upime kutoka ncha hadi ncha, ugawe kwa kimo chake. Je, umepata zaidi ya 1.05? Ongeza na maswali: anavaa miwani mizito? Yupo katika ukoo aliyefariki ghafla akiwa bado kijana?

Majibu yakiwa ndiyo, mfikirie ugonjwa wa Marfan, ambao hulegeza tishu zinazoshikilia mwili, pamoja na ukuta wa mshipa mkuu unaotoka moyoni. Mshipa huo hutanuka kimya kimya na unaweza kuchanika. Mtu kama huyu usimpe mazoezi ya kuinua uzito wala ya kukaza misuli huku amebana pumzi mpaka afanyiwe eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Natamani jambo hili lingeandikwa kwenye mlango wa kila chumba cha mazoezi.

Hatua ya 8: Uliza yanayotokea akikimbia

Akiwa amekaa, wengi watakuambia hawana shida. Uliza kwa namna nyingine: ukicheza na wenzako, nani anachoka kwanza? Ukipanda ngazi unaweza kuongea? Moyo unakwenda mbio bila sababu? Umewahi kuona giza au kuanguka ukikimbia? Watoto waliozaliwa hivi hawajui pumzi ya wengine ikoje, huamini kila mtu anahema vile.

Vipimo vya mapafu akiwa ametulia huweza kutoka safi kabisa, wala visikufanye umwambie kwamba anajidekeza. Kumtembeza dakika sita nako kwa kijana ni kazi nyepesi mno. Kama hana dalili zozote za hatari, mjaribu kwa ngazi au kwa mbio za kwenda na kurudi, ukifuatilia mapigo ya moyo, oksijeni na muda anaochukua kurudi hali yake.

Uliza pia, mzazi akiwa nje kidogo kama mgonjwa anapenda, kama umbo hili linamnyima usingizi au raha. Jibu hilo lina uzito sawa na la pumzi, na liandikwe.

Hatua ya 9: Amua nani aende kwa daktari, na lini

Siku hiyo hiyo: aliyeanguka au kuzirai kwenye mazoezi, mwenye maumivu makali ya kifua au mgongo yaliyoanza ghafla, anayehema akiwa ametulia, na yule mtoto mchanga wa hatua ya 4.

Ndani ya wiki chache: bonde au kilima kinachoongezeka wakati wa kubalehe, pumzi fupi kwenye mazoezi, mapigo yasiyo na mpangilio, dalili za Marfan, nundu ya mbavu, vinundu vya tasbihi, na msuli au mbavu zisizokuwepo. Uvimbe wa upande mmoja unaokua au unaouma usiku usiuite umbo la kifua. Unahitaji picha haraka.

Daktari huenda akaomba picha ya CT, ile ya eksirei ya kompyuta inayoonyesha kifua kwa ndani, na kukokotoa namba ya Haller: upana wa ndani wa kifua ukigawanywa kwa umbali kutoka kidari hadi uti wa mgongo. Kifua cha kawaida hukaribia 2.5, na kuanzia 3.25 bonde huhesabiwa kuwa kubwa kiasi cha kufikiria upasuaji. Wewe huna picha hiyo, lakini barua yenye kina kwa milimita, upanuzi wa juu na chini, ulaini wa kifua, matokeo ya mkono na uti, na kilichotokea kwenye ngazi itamfanya daktari akuamini.

Hatua ya 10: Fanya lililo letu, acha lisilo letu

Mwambie mgonjwa ukweli tangu mwanzo: mazoezi peke yake hayatainua kidari wala kukirudisha ndani. Yanachoweza ni kufungua mabega, kuamsha misuli inayoshika makombe ya mabega, kukaza tumbo ili mbavu za chini zitulie, na kuongeza stamina. Kijana yule nilimwanzishia upya kwa pumzi ya kina mbele ya kioo, shati likiwa limevuliwa, na ilichukua siku kadhaa kabla hajajitazama kwa zaidi ya sekunde chache.

Usisukume kidari kwa mikono ukidhani utakirekebisha, wala usimtengenezee mtoto mkanda wa kienyeji wa kubana, kwani huchubua ngozi na kuzuia pumzi. Kifaa cha kufyonza kinachoinua kidari kilichobonyea kipo, na hufaa zaidi kwa watoto wadogo wenye bonde la kina kidogo, ila kiandikwe na kusimamiwa na daktari.

Na ukipokea aliyekwisha fanyiwa upasuaji wa Nuss wa kuinua kidari kilichobonyea, ule ulioenea baada ya mwaka 1998, kumbuka kuna chuma nyuma ya kidari, na mara nyingi hukaa miaka 2 hadi 3. Usitumie mashine ya joto la mawimbi mafupi kifuani wala mgongoni pake. Wiki za mwanzo asijizungushe kiwiliwili wala kubeba mzigo hadi daktari mpasuaji aruhusu. Hakikisha ndugu zake na walimu wake wanajua kuhusu chuma hicho, kwa sababu moyo ukisimama, kumkandamiza kifua kutahitaji nguvu zaidi, na vibandiko vya mashine ya kushtua moyo vikae kimoja mbele na kimoja nyuma.

Asiyehitaji upasuaji lakini bado anakua, mpangie tarehe ya kurudi kila baada ya miezi 3 hadi 6, kwa rula zile zile mbili, akiwa ametoa pumzi.